Chuma cha Juu

Bartholomew alikuwa mtu wa kuringa na baiskeli yake. Alinunua ile blakmamba mwaka wa sabini na mbili, na mpaka leo ukimwuliza habari za nyumbani atakupa kwanza habari za mnyororo. Amebadilisha tairi hata hesabu imempotea, breki za fito ametoa akaweka za waya, na mbele amefunga taa ya sola. Kiti tu ndicho kile kile, cha ngozi, cheusi tii, kilichobonyea pande mbili kwa umbo lake mwenyewe. Kila Jumamosi hukipaka mafuta ya kondoo na kukaza nati ya mbele, ngozi isilegee. Wajukuu husema kiti hicho kinadekezwa kuliko nyanya yao.

Sasa nyonga imemsaliti. Tangu Pasaka mguu wa kulia umekataa kuvuka chuma cha juu, kile cha kati ya kiti na usukani, na mara mbili ameanguka mbele ya kanisa, akajifanya anakagua mnyororo. Makau, fundi wa pale Mumbuni, hakumzungusha.

"Mzee, hapa ni kukata. Natoa hii chuma ya juu, nachomelea ingine huku chini. Utapanda bila shida."

"Ikuwe baiskeli ya wanawake?"

"Ikuwe baiskeli unaendesha."

Aibu Bartholomew angeimeza. Kilichomzuia ni Munyiva, mkewe.

Mwaka wa sabini na nne, Munyiva alipata nafasi ya kujifunza ushonaji Kathiani. Kwenda na kurudi kwa miguu kulimaliza nusu ya siku. Jioni moja alimwomba mumewe kwa upole wakikate kile chuma, ili aweze kupanda akiwa na rinda lake bila kuacha mapaja wazi. Hata alikuwa ameshamwuliza fundi kama inawezekana. Bartholomew alicheka mpaka akatokwa na machozi. "Ikikatwa hapo inavunjika katikati," alisema, na alijua fika anadanganya. Munyiva alitembea miezi miwili, kisha mimba ya Mutindi ikaingia, na ushonaji ukaishia hapo. Hakumlaumu hata siku moja, na ni hilo lililomwuma mzee kuliko nyonga.

"Kata," akamwambia Makau.

Cheche ziliruka. Kukata, kuchomelea na kupaka rangi, kazi yote haikufika saa moja. Miaka hamsini, halafu saa moja!

"Sasa teremsha kiti," alisema Bartholomew. "Teremsha tena."

"Mzee, magoti itagonga kidevu."

"Si yangu hayo magoti."

Aliikokota mpaka nyumbani. Munyiva alikuwa barazani akichagua maharagwe. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye leso, akapitisha kiganja hewani pale chuma kilipokuwa.

"Kumbe ilikuwa inakatika," alisema.

"Nilikudanganya, Mama Mutindi. Niliogopa utafika mbali uniache. Nilikukosea sana."

Munyiva alikusanya rinda, akapitisha mguu polepole, akakaa. Akajisogeza huku, akajisogeza kule, na ngozi ile haikumpa mahali.

"Hii kiti inakujua wewe peke yako," alisema. "Na mimi hata kuendesha sijui."

"Nimekushika."

"Basi sukuma."

Bartholomew alishika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, akasukuma, nyonga ikimchoma kila hatua. Walipotoka langoni, majirani walisimama barabarani kutazama. Alidhani sasa mkewe atasema yatosha. Alipomwangalia, Munyiva alikuwa analia wazi wazi, na hakuwa na mkono wa kufuta machozi, kwa maana yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania usukani.

"Tugeuke?" alimwuliza.

"Kathiani ni huko mbele," alisema Munyiva. "Sukuma."