Bomba la Nje

Redio ilikuwa imeshatangaza: usiku huo baridi ingegandisha kila kitu katika jimbo zima la Saskatchewan, Kanada. Solveig hakuwa na ujanja tena. Maji yakiganda ndani ya mabomba ya karavani, ile nyumba yao ya magurudumu, yangevimba na kuyapasua, na karavani ile ndiyo nyumba pekee aliyowahi kuipenda. Lakini maji yenyewe aliyajaza mumewe, Anders, asubuhi ileile moyo wake uliposimama. Tangu msiba huo wa kiangazi, Solveig hakuwa amefungua hata bomba moja.

Wifi yake Thora alikuja na madumu ya dawa ya kuzuia kuganda, ile ya pinki. Alipozibua tangi, maji yakamwagika kwenye nyasi kavu. Solveig akageuza uso.

"Wifi, utalia au utafanya kazi?" Thora akauliza.

"Nitafanya vyote. Washa pampu."

Kazi ilikuwa ileile ya kila mwaka. Mmoja anakaa ndani kwenye pampu inayovuta dawa na kuisukuma mabombani, mwingine anafungua bomba moja moja, anangoja maji meupe yageuke pinki, kisha anapaza sauti. Jikoni. "Pinki!" Bafuni. "Pinki!" Chooni. "Pinki!" Solveig akashuka ngazi, akajifuta mikono.

"Tumemaliza."

Thora akachungulia mlangoni. "Na bomba la nje? Kaka yangu alilisahau kila mwaka, na kila mwaka ukamsema. Leo umelisahau wewe?"

"Sijalisahau. Maji aliyoyajaza Anders, ni hayo tu yaliyobaki."

Thora akarudi kwenye pampu.

Hapo ndipo bata bukini weupe waliposhuka. Walikuja maelfu kwa maelfu, wakaliziba jua, wakatua kwenye shamba la ngano lililovunwa, na kelele zao zikatetemesha bati la karavani. Kila walipopita hawa, Anders aliacha kazi yoyote, akavua kofia. Solveig naye akavua yake. Mwili ulimsisimka, akaogopa na kufurahi kwa pamoja, kama mtoto.

Akapiga magoti, akafungua bomba la nje. Maji yakatoka meupe, ya baridi kali. Akayakinga kwa viganja, akanawa uso taratibu, mpaka rangi ikaanza kupita kati ya vidole vyake.

"Pinki!" akaita.

Bukini wakaimeza sauti yake. Pampu ikaendelea kunguruma. Ikambidi aite tena, kwa nguvu zake zote, ndipo Thora akasikia na kuizima.