Vidole vya Mama Dorothée

Mashini ya alama za vidole ilikataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, ikakataa vyote kumi. Norbert, mwandikishaji wa shirika lililoahidi viwanja vya mlimani kwa watu wa mji wa Baraka, Fizi, ambao ziwa limefika mlangoni kwao, akafuta kioo kwa shati, akajaribu tena. Taa nyekundu.

— Mama, vidole yako iko laini kama tumbo ya samaki.

Watu wa mstari wakacheka. Mama Dorothée naye akacheka. Jacques, mtoto wa mdogo wake, hakucheka.

Miaka thelathini mama huyo amechanja mapapai mabichi na kukinga maziwa yake, ule utomvu mweupe, kwa mikono mitupu. Wazee wake waliyachanja katika shamba la mkoloni. Unga wa maziwa hayo yaliyokaushwa ukapanda meli, ngozi ya vidole ikabaki kubanduka huku Fizi. Jacques alizaliwa baadaye sana, lakini hajasahau. Elimu yake aliiokota kwenye simu, na humo alikuta maktaba ya intaneti inayopanga anzime, vile vitu vinavyokatakata protini: kila moja na ukoo wake, familia yake, namba yake. Ile ya papai imo, dunia nzima inaijua. Akachapisha ukurasa kwenye kibanda cha fotokopi, akarudi nao mezani kwa Norbert.

— Soma. Haya maziwa inakula nyama. Na ngozi ni nyama.

Norbert akasoma mpaka chini, kwa heshima.

— Grand, mi nakuamini. Lakini mashini haisomi karatasi. Mama apumzishe vidole wiki mbili, ngozi itarudi. Ijumaa ile ingine tunafunga.

Siku kumi na moja Mama Dorothée hakugusa papai. Jacques alimfulia, akampaka mawese vidoleni. Mistari ikaanza kujitokeza, hafifu, kama ya jani changa.

Jumatano akafa jirani yao, mzee Nibizi. Jacques alipofika kwenye kilio alimkuta Mama Dorothée mbele ya beseni, akikanda nyama ya beberu mzee kwa maziwa ya papai.

— Mama mukubwa. Ijumaa.

— Nibizi alinizikia bwana yangu. Bajukuu yake batafune kamba, na mi niko hapa?

— Basi ungevaa gants.

— Nyama ya kilio, nifunike mikono kama naona kinyaa? We, ile simu yako haikukufundisha adabu.

Wote walikula. Nyama ilikuwa laini.

Ijumaa, taa nyekundu. Norbert akajaribu mara sita, kisha akakunja waya bila kuwatazama.

Nje, Jacques alifungua tena ule ukurasa. Ukoo upo, familia ipo, namba ipo. Akashuka hadi palipoorodheshwa vitu ambavyo anzime hiyo huvikata. Orodha ilikuwa ndefu. Vidole vya mama yake mkubwa havikuwamo.

— Zima, unamaliza betri, alisema Mama Dorothée. Twende tung'oe milango kabla maji haijaichukua.