Sauti Ndani ya Pipa

Mjane alikuwa uani akipepeta mahindi ya mbegu aliposikia hodi. Kijana asiyemjua alisimama mlangoni, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye bwana shamba mpya."

"Marahaba. Mpya hivyo hata meno ya utoto hayajang'oka! Karibu."

Kwenye ungo, fukusi, wadudu watoboao mahindi, walikuwa wamelala kimya, miguu wameikunja. "Nimewatikisa mpaka wamekufa," mjane alijisifu.

"Tusubiri kidogo, mama."

Fukusi mmoja akanyoosha mguu. Kisha mwingine. Mara ungo mzima ukawa unatembea.

"Wakiguswa hujifanya wamekufa," kijana alisema. "Na mayai yao yamo ndani ya punje, hayapepeteki. Tuwanyime hewa. Mahindi yakauke vizuri, pipa lijae hadi juu, mfuniko uzibwe kabisa."

Mjane aliwatazama wadudu wakitambaa. "Kumbe wafu wanaorudi ni hawa tu."

Ilikuwa mbegu ya mwisho aliyoichagua marehemu mumewe, hindi kwa hindi. Ikiliwa, hana nyingine ya kupanda. Lakini pipa la mbegu hiyo lilikaa kando ya kitanda, na ndani yake kulikuwa na sauti ya fukusi wakitafuna: krr, krr. Ndivyo mumewe alivyokuwa akisugua mipini ya majembe kwa kipande cha chupa. Tangu wamzike, mjane alipata usingizi kwa sauti hiyo.

"Sauti yao pipani ndiyo inayonilaza, kama ya marehemu. Itanyamaza?" aliuliza.

Kijana hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alishusha macho. "Itanyamaza, mama. Na ukifungua, hewa itaingia, watapata nguvu tena. Niahidi hutafungua mpaka mvua zianze."

Mjane aliuweka ungo chini. "Nakuahidi, mwanangu."

Wakaanika mbegu, wakalijaza pipa, wakaziba.

Mwanzoni sauti iliendelea kama kawaida. Kisha ikaanza kukatikakatika. Asubuhi moja mjane aliinama, akaweka sikio kwenye pipa. Krr. Kimya kirefu. Krr, kwa mbali, kama fundi aliyechoka ndani ya nyumba ya jirani.

Alishtuka kuona mikono yake imeshika mfuniko. Kufungua kidogo tu. Pumzi moja.

"Nimeshaahidi, baba watoto," alinong'ona. "Nisamehe."

Akaiondoa mikono. Akakaa sakafuni, shavu kwenye ubavu wa pipa, akamsikiliza mpaka akanyamaza.