Chuma Kilipotulia

Nilikuwa naponda mawe. Mume wangu Gordon amefukiwa chini ya ardhi kwenye machimbo ya Osiri, siku ya tatu hiyo, nami nimekaa hatua ishirini kutoka mdomo wa shimo, naponda mawe ya dhahabu kwa chuma kizito, kana kwamba kuna mtu ameniagiza.

Mtaniita mwendawazimu, na sitabisha. Lakini mikono yangu ilikataa kukaa. Nikikaa bure naona udongo ukimwingia mdomoni. Nilikuwa nimeshaomba na kila kanisa lililokuja na ngoma yake. Nilifunga. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo hata yeye alijua sitayaweza. Kila nikisema amina, moyo unaanza upya. Basi nikaponda.

Kule shimoni Werema, msimamizi wa wachimbaji, alikuwa akilaza sikio kwenye mwamba. Mara mbili alisikia kugonga, mara mbili vijana wakachimba upande huo, wakaambulia patupu. Walikuwa wananisikia mimi. Lakini nani angemgombeza mke wa mtu aliyefukiwa?

Ni mama mkwe wangu, Filister. Hakunipenda sana, sitaficha. Alikidaka kile chuma nikiwa nimekiinua, akaniita kwa jina la kisiwa nilikozaliwa, kama alivyozoea.

"Nyar Rusinga, weka chini. Huyo alikuwa mtoto wangu kabla hajawa mume wako, na mimi nimemwachia Mungu. Wewe nani amekuajiri umsaidie?"

Nilimchukia. Kisha nikalia, mara ya kwanza tangu Jumatatu, nikasema, sijui kwa sauti au moyoni: Baba, mimi nimeshindwa, mshike wewe. Sikuongeza ahadi yoyote. Usingizi ukanichukua papo hapo juani, kichwa kwenye gunia la mawe, mchana kweupe, mbele ya umati wote. Wengine walisonya, wakauliza huyo ni mke wa namna gani.

Niliamshwa na kelele. Niliponyamaza mimi, Werema alisikia kugonga kwingine, kwa mbali, upande ambao hawakuwa wamegusa. Jioni walimtoa Gordon, mguu umevunjika, uso wote vumbi. Caleb, aliyeshuka naye, walimtoa kesho yake, na huyo tulimzika. Kwa nini huyu na si yule, sijui. Nimeacha kumwuliza Mungu, ingawa si kila siku.

Hospitalini Migori, Gordon aliniambia alikisikia chuma changu siku zote tatu. Alikijua ni changu. Alikuwa akigonga pamoja nami, pigo kwa pigo, akidhani namsikia, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kututofautisha.

Nilimwuliza alifikiria nini nilipoacha.

"Nilisema heri," akajibu. "Amelala."