Namba ya Kikombe

Kitendawili, mjukuu wangu: tumezaliwa saba, jina letu moja, mmoja akizama mwenziwe huelea. Umeshindwa? Plastiki hiyo. Igeuze utazame kitako chake: mishale mitatu inafukuzana, na katikati namba, moja hadi saba.

Mbah Painem, yaani Bibi Painem, hakuwa na haja ya kugeuza. Kwenye benki ya taka ya uchochoro wao, pale Surabaya, Indonesia, ambako majirani huchambua plastiki za kuuza, alichambua kwa sikio na ukucha. Chupa ya maji, namba moja, hulia kavu ukiiminya. Kichupa cha mtindi, namba sita, huvunjika kama kaukau za viazi. Tangu afiwe na mumewe, kwenye meza ile ya kuchambulia ndipo pekee palipobaki watu wa kumwita jina.

Kumbe macho yalikuwa yamekwisha, mwaka wa pili huo. Aliyejua ni Ratmi tu, mke wa mwanawe, aliyekaa ubavuni pake na kumgonga goti kwa hesabu ya namba kila plastiki ilipokuwa ngumu kutambulika.

Basi kiwanda kinachonunua plastiki zao kikarudisha robota zima la chupa, limechanganyika na plastiki nyingine. Asubuhi ile mwenyekiti wa benki, Bu Kustiyah, yaani Mama Kustiyah, akasoma amri: asiyeona hakai mezani, na anayemficha anaondoka naye. Akamhamishia Ratmi upande wa pili, mikono juu ya meza. Kisha akamtia Painem kikombe king'aavu kiganjani.

“Namba ngapi, Mbah?”

“Muulize na rangi yake,” akasema Bu Sumiyem, mmoja wa wachambuaji, na wenzake wakacheka.

Painem akakiminya. Kikalia kavu.

“Moja. Hata mtoto anaijua hii.”

“Saba,” akasema Bu Kustiyah. “Kikombe cha plastiki ya mahindi hicho, cha duka la kahawa. Kinalia kama moja, kikiingia kwenye chupa kinaharibu robota. Na namba imeandikwa kubwa kama pua yako.”

Safari hii walicheka mpaka wakafuta machozi.

“Ratmi,” akasema Bu Kustiyah, “mama mkwe wako anaona, haoni?”

Ratmi akaitazama mikono yake. Kicheko kikakatika.

Painem akatabasamu, uso kauelekeza kwenye gunia la vifuniko, akidhani ndiko aliko mkwewe. “Waambie, mwanangu. Waambie nilikuwa na haraka tu.”

“Mimi namngoja Ratmi,” akasema Bu Kustiyah.

“Haoni,” akasema Ratmi.