Uvimbe wa Kizimba cha Sita

Wenzake wa maabara walimwita Daktari Kesho, kwa kuwa kila ukimuuliza shahada yake ya udaktari itakamilika lini, jibu lilikuwa hilohilo. Safari hii alikuwa na haki ya kutamba. Katika kizimba cha sita, panya mmoja kati ya ndugu watano alikuwa amevimba tumbo, na saa nne profesa angekuja kujionea uvimbe mkubwa kuliko wote waliowahi kuupata.

Utafiti wenyewe haukuwa na mafumbo. Panya hao, wote madume kwa hesabu yake, walizaliwa na jeni mbovu. Seli ambazo zingekuja kuwa mbegu za kiume hufa zingali changa, na zinazobaki hupotea njia na kugeuka uvimbe wenye nywele, mfupa, hata jino. Kwa hiyo hakuna dume wa namna hiyo awezaye kuzalisha. Hayo Daktari Kesho aliyaandika kifua mbele katika sura ya tatu, na sura hiyo ndiyo iliyobeba shahada nzima.

Mama Vizimba, mtunza panya wa miaka mingi, alikuwa amemwambia miezi miwili kabla, "Mwanangu, huyo wa tano hebu mgeuze umtazame vizuri huko chini."

"Mama, dume na jike nawajua," alijibu. Akafunga kizimba kwa kufuli na ufunguo akauvaa shingoni, asije mtu akamchezea panya wake.

Asubuhi hiyo alifungua mwenyewe. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Chini ya tumbo la panya wa tano vitoto saba vyekundu vilikuwa vikinyonya.

Profesa akaingia, akachungulia, akavua miwani, akaivaa tena. "Huyu ni jike," alisema. "Hilo linasameheka. Na baba yao ni nani?"

Ndugu wanne, wote tasa kwa mujibu wa sura ya tatu, walikuwa wakitafuna chakula chao bila wasiwasi wowote. Mama Vizimba alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maranda. Ilitosha kusema labda Mama aliingiza dume mwingine. Nani angemsikiliza mtunza panya mbele ya msomi? Maneno yalishamfika ulimini, na aibu ikamshika kwa kuyafikiria tu.

"Ni mmoja wa hawa wanne," alisema. "Ufunguo ninao mimi peke yangu. Sura ya tatu nimekosea."

"Miaka miwili mingine," alisema Profesa. "Anza kwa kumtafuta huyo baba." Akaenda zake.

Daktari Kesho akamgeukia Mama Vizimba. "Mama, naomba unifundishe. Kati ya hawa saba, madume ni wangapi?"

Mama Vizimba akaweka ndoo chini. "Kwanza kanawe mikono," alisema. "Halafu utanyamaza."