Fimbo ya Mkuu Katika Kidato cha Pili B

Fimbo ya mkuu wa shule ilikuwa mkononi mwa mwanafunzi Lerionka, na darasa zima lilikuwa kimya likimsikiliza. Mwalimu Kandida, aliyeichukua ofisini bila kuomba, alisimama karibu na dirisha, jicho moja kwa wanafunzi, la pili getini. Mkuu alikuwa ameitwa mkutanoni mjini, na mikutano ya mjini, kila mwalimu wa huku Olmotonyi anajua, haiishi kabla ya chakula cha mchana.

Wanafunzi walikuwa arobaini na wanane, vitabu vya Historia sita. Mwalimu mwingine angejaza ubao notisi, mambo yakaisha. Kandida aliwapanga wanane wanane kwa kila kitabu, mmoja asome kwa sauti, wenzake wamkatize wakitaka. Nao walikatiza! Wiki iliyopita kelele zilimtoa mpishi jikoni na mwiko wake, akidhani kuna moto. Siku hiyohiyo mkuu, Mwalimu Ludovick, akamwita Kandida ofisini.

"Mwalimu, nikisikia tena soko humo ndani, unarudi kwenye notisi. Ukishindwa, darasa nampa mwingine."

Iliuma. Kandida alikuwa anazipenda zile kelele kuliko mshahara.

Dawa ilitoka kwa Namnyaki, binti mpole ambaye hakuwa amefungua mdomo darasani tangu Januari. Alimfuata mlangoni vipindi vilipokwisha. "Madam, kwetu wazee wakikaa kikao, anayesema anashika fimbo. Wengine wanangoja." Akainama. "Wazee tu, lakini. Mama hajawahi kuishika."

Na shuleni pale fimbo ya maana ilikuwa moja tu.

"Mimi nisingevunja," Lerionka alikuwa anasema. Walikuwa wamefika mwaka 1965, Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya utawala wa walowezi Rodesia, ikapoteza mkopo wa Waingereza. "Mtu anataka kukupa mkopo, unamfukuzaje? Kwanza pokea, halafu ndiyo unune."

Darasa likacheka. Calvin, vidole vikimwasha, akaipokea fimbo. "Utanunaje na mdomo umejaa? Wenzako Rodesia wanakandamizwa, wewe unatafuna?"

Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, Mkuu!" Madawati yalikwaruza sakafu.

"Marahaba. Mkutano umeahirishwa," alisema Mwalimu Ludovick. "Fimbo yangu nimeitafuta ofisi nzima. Nani—"

Akaiona. Calvin naye akajiona anayo. "Samahani, Mkuu. Mwenye fimbo ndiye anayesema. Na mimi sijamaliza."

Kandida alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkuu aliangalia makundi sita yaliyokaa kimya kuzunguka vitabu sita. Kisha, taratibu, akanyoosha mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Calvin alimaliza mbiombio, akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili. "Mkuu, ingekuwa wewe, ungevunja?"

Mwalimu Ludovick aliigeuzageuza ile fimbo. "Miaka ishirini na saba nafundisha mada hii. Tarehe naijua, sababu nazijua kwa mpangilio wake. Swali hilo hajaniuliza mtu." Akaisimamisha sakafuni. "Ningevunja. Halafu ningejifungia ofisini peke yangu, naogopa."

Walicheka mpaka madirisha yakatikisika, naye akacheka pamoja nao. Neno soko halikumtoka. Kandida alijikuta ameshika kifua kwa furaha.

Ndipo mkono mwembamba ukanyooka kutoka kundi la nyuma. Namnyaki.

Mkuu aliutazama ule mkono, akaitazama fimbo, akapita katikati ya madawati na kumpelekea mwenyewe. Binti aliishika kwa mikono yote miwili, karibu na kifua.

"Mimi naona," alianza, "kabla ya kujibu, tuwaulize kwanza wale wa Rodesia."

Hakuna aliyemkatiza.

"Notisi zitasubiri, Mwalimu," mkuu alimwambia Kandida kwa sauti ya chini, akatoka akinyata.

Kandida alimwona kupitia dirisha. Mkono wa kulia wa mkuu ulitafuta kitu pembeni, ukakikosa, ukaingia mfukoni. Alipiga hatua chache kuelekea ofisini, akasita. Kisha akarudi, akaegemea ukuta chini ya dirisha, kichwa kimeinama upande, akimsikiliza Namnyaki.